Kidole Gumba na Amri ya Nane

Ipo dhambi ambayo washarika wengi huitenda kati ya ibada ya kwanza na ya pili, wakiwa wamekaa chini ya mwembe wa kanisa, na hawaihesabu kuwa dhambi. Huitenda kwa kidole gumba. Picha ya mwanariadha wa kike imeingia kwenye kundi la WhatsApp. Haionyeshi uso wake, wala haisemi alikimbia umbali gani, kwa muda gani, akawashinda akina nani. Imekatwa kuanzia kiunoni na kuishia magotini, na chini yake pana maneno mawili matatu ya kuchekesha. Mzee mmoja anacheka na kuituma kwenye kundi jingine. Mwenzake anatikisa kichwa, anaandika kwamba huu ndio mwisho wa dunia, naye anaituma vilevile. Kisha kengele inalia, wote wawili wanaingia kanisani na kuungama dhambi zao, na hii haimo.

Wote wawili wamevunja amri ya Mungu, na si ile wanayoidhania. Tumezoea kuzipeleka picha za namna hii kwenye amri ya sita, ile ya uzinzi, na tukifika huko mshtakiwa wetu huwa yule aliyepigwa picha. Mimi nazipeleka kwenye amri ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Huko washtakiwa ni wengine: aliyeikata picha, aliyeiandikia maneno, na kila aliyeisambaza. Tunawashuhudia uongo mabinti wanaocheza michezo, tunafanya hivyo kila siku, na kanisa limekaa kimya kwa sababu limekuwa likishughulika na urefu wa kaptura zao.

Picha ya kweli inayosema uongo

Mtu atauliza: kama picha haikubuniwa, uongo uko wapi? Huyo dada si alivaa hivyo? Si alikimbia mbele ya watu na kamera?

Fikiri juu ya shahidi aliyemwona mtu akijitupa mtoni kumwokoa mtoto anayezama. Siku ya kesi anasimama mbele ya hakimu na kusema jambo moja tu: kwamba alimwona mtu yule akivua shati hadharani. Kila neno alilosema ni kweli, lakini ni shahidi wa uongo, kwa sababu ameacha kwa makusudi jambo lililoufanya mwili ule uwe pale. Mtoto hakutajwa, mto haukutajwa, likabaki shati.

Hivyo ndivyo tunavyowatolea taarifa wanamichezo wetu wa kike. Mwezi Agosti 2021 nchi yetu ilijadili kwa siku kadhaa vifua vya wachezaji wa kike wa mpira wa miguu. Mitandao ilijaa. Kila mtu alikuwa na maoni, na wengi waliotoa maoni hawakuwahi kuangalia mechi hata moja ya wanawake. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Oktoba 2022, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia. Walifungwa na Japani mabao 4-0 katika mchezo wa kwanza, na ungedhani wamekwisha. Lakini waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali ya dunia, na huko wakatolewa na Kolombia. Ufaransa, ndugu msomaji! Mtoto wa kike wa Kitanzania aliifunga Ufaransa katika Kombe la Dunia. Sasa waulize watu kumi wa usharika wako. Utakuta wanaoyakumbuka maneno ya 2021 ni wengi kuliko wanaoyakumbuka matokeo ya 2022.

Mwaka 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Katika mbio hizohizo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia, na Mtanzania alikuwa kwenye jukwaa la washindi pamoja naye. Je, habari hiyo ilikufikia kwenye simu yako? Na kama haikukufikia, ni ngapi za aina nyingine zilizokufikia wiki hiyo?

Jambo hili halikuanza na simu. Kijana yeyote anayefuatilia riadha anamjua Filbert Bayi, na anastahili kumjua. Lakini mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, mrusha mkuki Theresia Dismas alilipatia taifa hili changa medali ya fedha, miaka 15 kabla ya medali za Olimpiki za Moscow. Ni nani aliyewahi kumtaja kanisani kwako siku ya vijana? Tulikuwa tunawasahau wanawake hawa hata kabla ya mitandao. Simu imeongeza jambo moja: sasa hatuwasahau kabisa, tunawakumbuka vibaya.

Wala lisiwe la kwetu peke yetu. Shirikisho la Riadha la Dunia lilichunguza ujumbe waliotumiwa wanariadha 161 kwenye Twitter wakati wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Ujumbe wa matusi uliobainika ulikuwa 132, na 115 kati ya huo uliwalenga wanawake. Wanaume nao walishindwa mbio Tokyo, nao waliangusha vijiti na kuwakatisha tamaa watu wao, lakini matusi yaliijua anwani ya kwenda.

"Si wanajidhalilisha wenyewe?"

Hili ndilo jibu ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa kanisa, na nataka kulijibu kwa uzito wake. Wanasema: kama wangevaa vizuri, nani angewapiga picha za namna hiyo?

Kwanza, watazame wanaume. Mkimbiaji wa kiume anavaa singlendi na kaptura fupi kama mwenzake wa kike. Mwogeleaji wa kiume anavaa kidogo zaidi. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya mapaja ya mkimbiaji wa kiume. Ikiwa vazi ndilo dhambi, mbona dhambi hii ina jinsia?

Pili, sikiliza habari ya timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2021 wanawake wale waliamua kuvaa kaptura badala ya chupi ya kuogelea iliyoamriwa na kanuni za mchezo. Wanaume wa mchezo huohuo walikuwa wakivaa kaptura bila shida. Wanawake wale wakatozwa faini ya euro 1,500, yaani euro 150 kila mmoja, kwa kosa la kujifunika. Kelele zilizopigwa duniani zikalazimisha kanuni ibadilishwe baadaye mwaka huohuo. Mwaka huohuo pia wasichana wa Ujerumani wa sarakasi za viungo walikwenda Olimpiki wakiwa wamevaa mavazi yanayofika kwenye vifundo vya miguu, wakisema wazi kwamba kila mmoja awe huru kuvaa anachojisikia salama ndani yake. Sasa niambie, ni nani aliyekuwa akimvua nguo nani?

Tatu, hata walio ndani ya kazi hii ya matangazo wamekiri kwamba tatizo liko nyuma ya kamera. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mkuu wa shirika linalorusha picha za michezo hiyo aliwataka wapiga kamera wawapige wanawake kama wanavyowapiga wanaume. Ndiyo kusema kwamba kabla ya hapo haikuwa hivyo. Kama watu wa televisheni, ambao hawakuapa kipaimara cha namna yoyote, wameona kwamba jicho linaweza kutenda dhambi kupitia lenzi, sisi tuliofundishwa Katekisimo tunashindwaje kuona?

Wapo wanamichezo wanaopakia wenyewe picha za kuuza miili yao. Ni kweli, na sitasema kwamba ni jambo jema. Lakini uliza kwanza soko limekaaje. Binti akipakia video ya mazoezi yake, wanaiangalia watu mia mbili. Akipakia picha ya nguo ya kuogelea, wanaiangalia elfu ishirini, na mfadhili anahesabu macho, hahesabu magoli. Macho hayo elfu ishirini ni ya nani? Baadhi ni yetu. Tunamlaumu muuzaji wa pombe huku chupa tumeishika sisi. Tena, kosa la mmoja halikupi ruhusa ya kumtolea ushahidi wa uongo mwingine ambaye hakupakia chochote ila alikimbia tu.

Maandiko nayo hayako upande wa wanaolaumu vazi. Mfalme Daudi alipanda juu ya dari ya nyumba yake jioni, akamwona Bathsheba akioga. Wahubiri wengi wamejaribu kumtia Bathsheba hatiani: kwa nini alioga pale? Nabii Nathani hakuuliza swali hilo hata mara moja. Soma 2 Samweli 12, hukumu yote inamwendea aliyetazama, akatuma watu, akachukua. Na Bwana wetu katika Mathayo 5, alipozungumza juu ya kumtazama mwanamke kwa kumtamani, alilielekeza neno lake kali kwenye jicho la mwanamume. Jicho ndilo la kung'olewa. Hakumtuma mwanamke akabadilishe nguo.

Ninyi wahubiri wenzangu, nawageukia sasa. Mhubiri anayeisambaza picha ili kuilaani ameisambaza. Anayeionyesha kwenye semina ya maadili, ikiwa imekuzwa ukutani kwa projekta, ili vijana waone jinsi dunia ilivyoharibika, amefanya kazi ileile ya aliyeikata, tena amempa baraka ya kanisa. Ujumbe wa "tazameni uchafu huu" unafanya kazi sawasawa na ujumbe wa "tazameni uzuri huu". Katika yote mawili binti amekuwa kitu cha kutazamwa, na jina lake halijulikani.

Utani wenye moto ndani

Kuna namna nyingine ya ushahidi wa uongo, nayo ni kumvua mwanamke uanamke wake kwa sababu ana nguvu. Akikimbia sana, "huyu ni mwanaume". Akiwa na misuli, "mkague". Akinyoa nywele, vicheko. Mwezi Novemba 2024 Barbra Banda wa Zambia, jirani zetu, alichaguliwa kuwa mwanasoka bora wa kike wa mwaka wa BBC. Huyu ni dada aliyefunga mabao matatu katika mechi ya kwanza ya Olimpiki ya Tokyo dhidi ya Uholanzi, na mechi iliyofuata akafunga matatu tena dhidi ya China. Badala ya watu kuzungumzia miguu yake, mitandao ililipuka kwa watu waliomwita mwanaume, na wengi wao hawakuweza hata kutaja timu anayochezea.

Najua kwamba yapo maswali magumu ya nani ashindane katika kundi gani. Maswali hayo yana vikao vyake, madaktari wake na mahakama zake za michezo, na watu wenye nia njema wanatofautiana juu yake. Lakini mzee wa kanisa aliyelala kitandani na simu si daktari wala si mahakama. Akiandika "huyu ni mwanaume" chini ya picha ya mtu asiyemjua, hajashiriki katika mjadala wowote. Ametoa ushahidi juu ya jambo ambalo hakuliona, hakulichunguza, na halimhusu. Kama hiyo si amri ya nane, basi tuifute kwenye Katekisimo.

Wengi husema, "Mchungaji, ulikuwa utani tu." Kitabu cha Mithali kinamjua mtu huyo. Sura ya 26 inamfananisha anayemdanganya mwenzake, kisha akasema alikuwa anatania, na kichaa anayetupa vijinga vya moto na mishale. Moto hauulizi kama aliyeutupa alikuwa anacheka.

Na moto huu unamwangukia nani? Barbra Banda hasomi maoni yako. Anayeyasoma ni binti wa miaka kumi na minne wa darasa lako la kipaimara, anayecheza mpira kwenye kiwanja cha shule ya msingi jioni, na ambaye ameshika simu ya mama yake. Anaona picha ya mchezaji anayempenda. Anaona maneno yaliyoandikwa chini. Anaona jina la aliyeandika, na jina hilo analijua, kwa maana mtu huyo ndiye aliyezunguka na kapu la sadaka Jumapili iliyopita. Wiki inayofuata binti anasema hataki tena mpira, na mama yake anadhani amekua. Hakukua. Amejifunza watu wa kanisa lake watamwona vipi akifanikiwa.

"Nani atamwoa?"

Ushahidi wa tatu wa uongo ni wa upole zaidi, na pengine ndio unaotamkwa zaidi na wanawake wenyewe. Chini ya habari ya ushindi mtu anauliza: ana mume? Atazaa lini? Mbio hizi zitampeleka wapi? Ni kana kwamba medali ni deni ambalo mwanamke lazima alilipe kwa ndoa.

Faith Kipyegon wa Kenya alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa kike. Akarudi, akashinda tena Tokyo, na akashinda mara ya tatu Paris mwaka 2024. Huyo ni mama. Mwili uliobeba mimba ni mwili uleule uliovunja rekodi ya dunia. Kwa hiyo hata wanaoogopa kwamba michezo huharibu uzazi wamejibiwa uwanjani. Lakini nisingependa tumtetee kwa sababu amezaa tu. Mwanariadha ambaye hajaolewa wala hajazaa anastahili ushahidi wa kweli vilevile. Mtume Paulo, aliyesifu maisha ya kutooa katika 1 Wakorintho 7, ndiye huyohuyo aliyewatolea Wakorintho mfano wa mkimbiaji katika sura ya 9, akiuheshimu mwili unaotiishwa kwa nidhamu ili upate taji. Hakusema mfano ule ni wa wanaume.

Swali la "ni wa nani?" likiachwa liendelee, huishia mahali pabaya. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee. Alikuwa na miaka 25. Na Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2024, huko Trans Nzoia nchini Kenya, mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli Rebecca Cheptegei wa Uganda na kumchoma moto. Alikuwa ametoka kanisani na watoto wake. Narudia: alikuwa ametoka kanisani. Wiki tatu kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris na kumaliza wa 44. Alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba.

Sisemi kwamba picha ya simu ndiyo iliyomwua. Aliyemwua ana jina na alikuwa na mikono yake mwenyewe. Nasema kwamba mazoea ya kumtazama mwanamke kama mali, mwili wake uwe wa kutolewa maoni na kila mtu, jasho lake liwe na mwenyewe mwingine, hayo ndiyo udongo ambamo uovu huu huota. Na nasema jambo jingine. Wengi wetu tulilisikia jina la Cheptegei kwa mara ya kwanza siku alipokuwa habari ya kuungua. Mwaka 2022, huko Chiang Mai nchini Thailand, alikuwa amekuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani. Bingwa wa dunia, kutoka Uganda, na hatukumjua. Dhahabu yake haikutufikia, mauti yake yalitufikia kwa saa chache. Simu ni ileile na mtandao ni uleule. Tofauti ni kile ambacho watu, sisi tukiwemo, waliona kinafaa kutumwa.

Simoni alitazama, Yesu alitoa taarifa

Injili ya Luka, sura ya 7, inatueleza chakula cha mchana au cha jioni nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Mwanamke mmoja mwenye sifa mbaya mjini anaingia. Simoni anamtazama, na alichokiona ni sifa yake tu. Hakusema neno, alijisemea moyoni. Leo angeandika kwenye kundi. Yesu anamgeukia mwanamke, lakini anazungumza na Simoni, na swali lake la kwanza ni kama anamwona mwanamke huyu. Simoni alikuwa amemkodolea macho muda wote! Bado Bwana anamwuliza kama amemwona.

Kisha angalia Yesu anachofanya. Anatoa taarifa ya matendo. Anayataja moja baada ya jingine, kwa mpangilio, na kila moja analilinganisha na lile Simoni asilolifanya: maji ya miguu na machozi, busu la salamu na kuibusu miguu bila kukoma, mafuta ya kichwa na marhamu ya miguuni. Hakusema juu ya nguo zake. Hakusema juu ya nywele zake ila kwa kazi zilizofanya, nazo zilikausha miguu. Mbele ya meza iliyojaa wanaume wanaomtazama vibaya, Bwana Yesu aliusema ukweli wa kile mwanamke huyu alichofanya.

Huo ndio ushahidi wa kweli. Luther alipoifafanua amri ya nane katika Katekisimo Ndogo hakuishia kwenye kukataza kusengenya na kuchafua jina la mtu. Alitudai tumtetee jirani, tumseme vizuri, na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio bora. Kwa hiyo haitoshi kuacha kutuma picha mbaya. Anayekaa kimya kundini wakati binti wa mtu anachafuliwa bado hajaishika amri hii, ameepuka nusu yake tu.

Na tufanye nini?

Kabla hujatuma habari au picha ya mwanamichezo wa kike, jiulize maswali matatu. Jina lake nani? Amefanya nini? Ningeweza kumtumia baba yake au mama yake ujumbe huu huu? Ukikosa jibu la swali mojawapo, futa. Haichukui hata nusu dakika.

Msimamizi wa kundi la WhatsApp la usharika, la kwaya au la jumuiya, ujue kwamba umepewa ulinzi. Mzee wa kanisa hawezi kuruhusu mtu asimame katikati ya ibada na kumtukana binti wa mwenzake. Kundi lenye jina la usharika ni ukumbi wa usharika. Picha ikiingia, iondoe, mwite ndugu huyo pembeni kama Mathayo 18 inavyoagiza, na umwambie kwa nini. Asipokusikia, nenda na mmoja au wawili.

Walimu wa kipaimara, fundisheni amri ya nane mkiwa na simu mkononi. Watoto wetu wanaikariri amri hii vizuri sana na kuijibu mbele ya usharika bila kukwama, lakini wanadhani inahusu mahakama ambayo hawatakanyaga kamwe. Waambieni kwamba mahakama iko mfukoni mwao.

Nasi wachungaji, tunaopenda kuchangamsha usharika kabla ya mahubiri kwa kuuliza wana Simba wako wapi na wana Yanga wako wapi, tuulize pia habari za Simba Queens na Yanga Princess. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Hiyo ilikuwa nafasi ya kuchangamsha usharika, na katika sharika nyingi ilipita bila neno. Wakati wa matangazo tunampongeza kijana aliyechaguliwa kwenye timu ya mkoa. Tumpongeze na dada yake kwa jina lake, kwa alama alizopata na kwa umbali aliokimbia. Vijana wa kike wakikusanyika kwenye michezo ya jimbo, wapewe kiwanja na mwamuzi, wasiishie jikoni.

Haya si mambo makubwa. Hayahitaji harambee wala azimio la mkutano mkuu. Yanahitaji watu wanaoamini kwamba Mungu ataulizia kila neno lisilo maana, kama Bwana alivyosema katika Mathayo 12, na kwamba neno lililoandikwa kwa kidole gumba ni neno.

Jumapili ijayo, mtakapokuwa chini ya mwembe na picha ikaingia, pengine utakuwa wewe ndiye uliyeishika simu. Wenzako watakuwa wanasubiri uwapitishie wacheke. Waambie jina la dada huyo. Kama hulijui, litafute papo hapo, utalipata, kisha uwasomee alichofanya: muda wake, mabao yake, nchi alizozishinda. Wakikuuliza kwa nini unawaharibia utani, waambie unajiandaa kwa maungamo.

Mungu atupe macho yanayoona na vidole vinavyosema kweli. Amina.